Simu Iliyochoka Kabla ya Mchana

Ofisini walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja mle ndani. Aliwazidi wote umri, ukimtoa bosi, na alikuwa na kawaida ya kumuuliza kila anayeingia kama amekula. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za simu, na kwa miaka kadhaa alikuwa ameganda kwenye programu moja tu, ile inayowasomea watu wasioona. Mtu anaelekeza kamera ya simu kwenye chupa ya dawa, au barua, au kibao cha mlangoni, na sauti inamsomea kilichoandikwa. Akiwa njiani, inamwambia amefika wapi na akate kona wapi.

Si yeye aliyeianzisha. Mwenzao mmoja aliianza, akaifikisha mahali pa kuanza kutumika, kisha akapata kazi kwingine akaaga kwa keki na soda. Shangazi akarithi kiti chake na mafaili yake. Aliisoma programu ile mstari kwa mstari, kama mtu aliyehamia nyumba na kukuta swichi asizojua zinawasha taa gani, na kila alipotaka kuongeza skrini mpya alinakili ya zamani, akabadilisha kidogo, ikafanya kazi. Hakuona kuwa ni kosa. Kila mtu anafanya hivyo.

Tatizo ni kwamba alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa kulala usiku mmoja ukaisha. Mume wake alifanya kazi mgodini, mbali, akija nyumbani pale tu walipomkubalia likizo. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Nyumbani alibaki na kaka yake mkubwa, dereva wa malori wa zamani, aliyekuwa amepoteza macho kwa presha ya macho polepole kiasi kwamba hata yeye mwenyewe hakujua ni siku gani hasa alianza kutoona. Mwaka wa kwanza alikaa tu kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni, akisikiliza barabara na kumsema kila dereva aliyebadilisha gia vibaya. Baadaye alikubali kwenda kusomea kazi ya kukanda misuli, akaajiriwa kwenye kliniki ndogo mtaa wa pili.

Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza nje ya ofisi kuitumia programu. Hakuwa mtu wa kusifu. Ikifanya vizuri alinyamaza. Ikifanya vibaya alisema, na siku za karibuni alikuwa akisema neno moja kila jioni, wakati Shangazi akiweka mkoba chini.

"Dada, simu imechoka tena."

"Imechoka vipi?"

"Asubuhi inasema vizuri. Ikikaribia saa sita inaanza kuburuta maneno. Halafu inakaa kimya."

Si yeye peke yake. Taarifa zilikuwa zikija kutoka simu za watu wengine: programu imejifunga ghafla, kumbukumbu ya simu imejaa. Kilichomchosha zaidi Shangazi ni kwamba kila mara ilianguka mahali tofauti. Leo ni kwenye picha, kesho kwenye ramani, keshokutwa kwenye skrini ya mipangilio ambayo haina hata picha. Alipunguza ukubwa wa picha. Akapunguza ramani. Kila alipoziba huku, ilianguka kule.

Mpimaji wao wa programu, mwanaume mrefu waliyemwita Kidole kwa vile siku nzima alikuwa akibonyeza skrini, aliijaribu mara nyingi kuliko alivyotaka kukumbuka.

"Kwangu iko safi, Shangazi. Naifungua, inasoma, naifunga. Haina shida."

"Kwa hiyo watu wanaota?"

"Sijasema wanaota. Nasema kwangu iko safi."

Bosi naye alikuwa na yake. Walikuwa wanatarajia wageni kutoka chama kimoja cha wasioona, ambao wakiipenda programu wangeisambaza kwa wanachama wao, na bosi alitaka wageni wale wasikie sauti ya pili, ya kike, laini kuliko ile ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na shati lake lilionyesha kwamba alikuwa amelivaa na jana.

"Tatizo la kuanguka nitalishughulikia kwanza," Shangazi alimwambia.

"Umelishughulikia toka lini?"

Shangazi akashusha macho kwenye kibodi.

"Mimi nakuelewa," bosi alisema. "Lakini siwezi kusimama mbele ya wageni niseme tumerekebisha kitu ambacho hawakukiona. Nipe sauti. Hilo lingine litafuata."

Shangazi akarudi kwenye kiti chake, akaanza kuandika sauti ya pili. Mgongo ulikuwa unamuuma kutoka shingoni hadi kiunoni. Kidole alimwangalia alivyokuwa akijinyoosha, akamwambia, "Si una kaka anakanda watu? Nenda ukakandwe. Omba ruhusa ya siku moja, hakuna atakayekufa."

Alikuwa na kaka wa kukanda watu, ni kweli, na hakuwa amewahi kupanda kitanda chake hata mara moja. Akaomba ruhusa, na asubuhi iliyofuata wakaenda kliniki pamoja.

Kliniki ilikuwa na chumba kimoja kirefu, vitanda viwili vilivyotenganishwa na pazia la kijani, feni ya ukutani, na harufu ya mafuta ya misuli iliyokushika kooni toka mlangoni. Karani wa mapokezi, mama mnene mwenye miwani, alimtambua kwa sura.

"Wewe ndiye dada yake. Mnafanana pua. Afadhali leo mmekuja wote. Tangu ile siku aliyoletwa na muuza magazeti, mimi nikimwona anachelewa roho yangu haitulii."

"Muuza magazeti gani?"

Karani akaona amekwenda mbali. Akazishika karatasi zake, akazipanga, akazipanga tena. "Yule wa njia panda. Alimkuta amesimama katikati ya barabara. Suruali ilikuwa imechanika gotini, gari lilimpitia karibu. Nilidhani unajua."

Suruali Shangazi aliijua. Aliishona mwenyewe. Kaka yake alimwambia imekamatwa na msumari wa benchi.

Watu wenye miadi walikuwa mbele yake, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni na kusubiri. Kwa mara ya kwanza alimtazama kaka yake akiwa kazini. Mgonjwa akiingia, kaka alichukua kadi yake, akaiweka mezani, akaishikilia simu juu yake imesimama wima ili kamera isome. Kisha akailaza simu ubavu, akaikamata kwa vidole viwili kwenye kingo, akaisogeza kwenye sikio la kulia na kusikiliza. Baadaye akaisimamisha tena kusoma chupa ya mafuta, akailaza tena kusikiliza. Kadi, sikio. Chupa, sikio. Mgonjwa anatoka, anaingia mwingine.

Asubuhi sauti ilikuwa inatoka mara moja. Baada ya wagonjwa kadhaa, Shangazi aliona kaka yake ameishika simu sikioni akisubiri. Alisubiri kwa uvumilivu, kichwa kimeinama, kama mtu anayemngoja mtoto mwenye kigugumizi amalize neno. Halafu sauti ikakoma kabisa. Kaka hakushtuka. Alifuta mikono kwa taulo, akaizima simu, akaiwasha, akaendelea kukanda kwa mkono mmoja wakati inawaka. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na hapo Shangazi akajua kwamba ni jambo la kila siku.

Zamu yake ilipofika alilala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, akiangalia sakafu ya saruji.

"Kwa nini unailaza simu ubavu?" aliuliza.

"Sikio la kushoto lilikufa na injini. La kulia ndilo zima. Na mikono ina mafuta. Nikiishika imesimama inateleza. Nikiilaza naikamata vizuri."

"Kila mara?"

"Kila mara. Kwani ni vibaya?"

"Si vibaya."

Kaka akaanza kumkanda mabegani. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo hakuitarajia.

"Hapa kuna fundo," alisema. "Umebeba nini humu?"

"Simu yako."

Kaka akacheka kwa pua. Akaongeza mafuta kiganjani, akaendelea kukanda.

"Kaka. Ile suruali."

Mikono ikasimama.

"Mama wa mapokezi mdomo wake hauna mlango," alisema mwishowe.

"Alidhani najua."

"Ilisema 'subiri'. Basi. Nikasubiri neno linalofuata. Nikasubiri, magari yanapita mbele, yanapita nyuma. Mimi niliyepitisha lori kwenye madaraja ya mbao, nimesimama pale kama nguzo ya umeme." Akaendelea kukanda, polepole zaidi. "Yule jamaa wa magazeti ni mtu mwema. Alinishika mkono hajauliza kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungenikataza kwenda peke yangu. Ungenileta kila asubuhi, ukimbilie kazini, jioni unifuate. Umeshachoka, dada. Nakusikia unavyovua viatu."

 Machozi ya Shangazi yalidondoka kupitia tundu la kitanda mpaka sakafuni, na kwa vile aliyekuwa naye hakuweza kuyaona, aliyaacha yadondoke.

Kesho yake hakugusa sauti ya pili. Alichukua simu ya majaribio, akafungua skrini ya kusomea kadi, akailaza, akaisimamisha, akailaza. Kidole alimwangalia.

"Unaipepea?"

"Naitumia kama mwenyewe anavyoitumia."

Kisha akaifungua kwenye kompyuta ile picha ya kumbukumbu ya simu, inayoonyesha kila kitu kilichomo ndani kwa wakati ule. Panapotakiwa kuwa na skrini moja ya kusomea kadi, palikuwa na safu nzima. Zote zile zile, zote zimekufa machoni pa mtumiaji, zote bado zimekalia nafasi yao.

Alimweleza Kidole, na alipokuwa akimweleza ndipo yeye mwenyewe alipoiona vizuri. Sauti haikai kwenye skrini. Inakaa kwenye sehemu inayofanya kazi nyuma, ambayo wao waliiita huduma. Skrini ikitaka kusema, inajifunga kwa huduma ile na kuiachia anwani yake, ili huduma iiite sentensi ikiisha. Simu ikigeuzwa ubavu, skrini ya zamani inavunjwa na mpya inajengwa, na mpya nayo inajifunga. Ile ya zamani ilitakiwa ijitoe kabla ya kuondoka, na huduma ifute anwani yake. Hakuna aliyeiambia ijitoe. Na simu ina kazi ya kufagia vitu visivyohitajika, lakini haifagii kitu ambacho bado kimeshikwa na mwingine, na huduma ilikuwa imezishika zote.

"Lakini simu si huwa inalalamika mtu akisahau kujitoa?" Kidole aliuliza.

"Inalalamika skrini ikijifunga kwa jina lake. Hizi zimejifunga kwa jina la programu nzima. Programu bado ipo, kwa hiyo simu inaona mambo yako sawa."

Watu wanaita hali hiyo kumbukumbu kuvuja, jina ambalo Shangazi hakuwahi kulipenda. Hakuna kinachomwagika. Ni vitu vinavyoingia visitoke.

Kidole alikuwa bado anaitazama ile safu. "Kwa hiyo zote hizi zimejifunga na hakuna hata moja iliyojifungua."

"Ndiyo."

"Mimba zote hizi, na hospitali moja."

Shangazi alicheka mpaka akashika mgongo. Bosi alitokeza kichwa mlangoni akauliza kuna nini, Kidole akamwambia, "Tumejifunga wenyewe, bosi. Goli safi kabisa, kipa hana kosa." Bosi akaja, akasimama nyuma yao, akaangalia. Shangazi akamsimulia, pamoja na habari ya njia panda. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama.

Bosi aliinama karibu na kompyuta. "Ni skrini ngapi zimeandikwa namna hii?"

"Zote. Nimenakili kila mahali."

"Basi acha sauti ya kike," alisema, akarudi kwenye chumba chake cha kazi na kufunga mlango taratibu.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na ujanja wowote. Shangazi alipita skrini moja baada ya nyingine. Skrini ikionekana, ijifunge. Ikitoweka, ijitoe, na anwani yake ifutwe. Alipomaliza, akaigeuza simu mara nyingi, akaangalia kompyuta. Skrini moja tu. Akampelekea kaka yake toleo jipya, akalala mapema siku ile bila hata kula.

Jioni iliyofuata kaka alikuwa anamngoja mlangoni.

"Dada, sasa haichoki."

"Vizuri."

"Ila imekuwa na adabu mbaya. Inasema 'mgonjwa huyu ana tatizo la', mimi naiweka sikioni, inanyamaza. Nageuza, inaanza upya. Siku nzima sijajua mtu yeyote ana tatizo la nini. Nimewauliza kwa mdomo, kama zamani."

Shangazi alikaa chini, viatu miguuni. Alijua mara moja ni nini, na kwa sababu alijua, alichoka zaidi. Huduma ya namna ile inaishi kwa sababu kuna aliyejifunga kwayo. Akijitoa wa mwisho, simu inaona haina kazi, inaizima. Sasa kila simu ikilazwa, skrini ya zamani inajitoa kabla mpya haijafika, na katika upenyo ule mdogo sauti inauawa katikati ya sentensi. Zamani haikuwahi kutokea kwa sababu hakuna aliyekuwa anajitoa kabisa. Kosa moja lilikuwa limelibeba lingine mgongoni, miaka yote.

"Nipe muda kidogo," alimwambia.

"Chukua. Mimi sina haraka. Wagonjwa wananipenda nikiwauliza."

Dawa yake haikuwa ndefu, ila ilitaka akili iliyotulia, na yake haikuwa imetulia. Alijaribu kwanza kuichelewesha skrini isijitoe upesi, akaona anarudi kule kule alikotoka, akafuta. Alitoka nje akanunua maji, akasimama kivulini mwa ukuta wa jengo, akaangalia watu wanavyovuka barabara. Aliporudi aliandika hivi: sauti ikianza kusoma, huduma iwashwe yenyewe, isimame kwa miguu yake, isitegemee nani amejifunga nani amejitoa. Ikimaliza kusoma na hakuna anayeihitaji, ijizime. Na isimshike mtu. Iseme tu kwamba sentensi imeisha. Skrini iliyopo itasikia, isiyokuwepo haina haja ya kuitwa.

Kidole aliijaribu mchana kutwa, akiilaza na kuisimamisha huku anaongea na simu yake nyingine. Sauti haikukatika. Safu haikurudi. Alimletea Shangazi simu mezani, akaiweka, akasema, "Kwangu iko safi," kisha akakumbuka, akaongeza, "Na nimeigeuza."

Wageni wa chama walikuja. Bosi aliwapa ile sauti moja ya zamani, nzito kidogo, na hakuna aliyelalamika. Mwanamke mmoja kati yao, mwenye fimbo nyeupe, aliitumia kwa muda mrefu pembeni bila kusema na mtu, akiisikiliza tu ikimwambia mlango uko wapi, akatoka, akarudi. Waliondoka wakisema watajadiliana. Baada ya hapo hakuna jibu lililokuja kwa muda, na bosi akawa anafungua barua pepe zake kila mara. Shangazi alirudi kwenye sauti ya kike. Kila kitu kilikuwa kama kilivyokuwa, isipokuwa taarifa za programu kuanguka zilipungua, zikapungua, mpaka siku zikawa zinapita hajaona hata moja. Hakusherehekea. Alichokiona ni kwamba kuna muda katikati ya mchana alikuwa akikaa tu, mikono mezani, hana anachokikimbilia, na hakujua aufanyie nini muda huo.

Jumapili moja kaka yake alivaa shati safi, akasema anakwenda kunyoa.

"Nikupeleke?" Shangazi alikuwa kwenye kochi, nguo za kukunja zimemzunguka.

"Kinyozi yuko mbele ya kliniki tu. Na njia panda naijua sasa, ina tabia zake."

"Simu ina chaji?"

"Dada."

"Sawa. Nenda."

Alimsikia akishuka ngazi, na ile sauti nzito ikimwambia mlango uko mbele. Alisikiliza mpaka ikapotelea barabarani. Alikusudia kukunja nguo huku akimngoja. Alikunja shati moja, akalala pale pale, mdomo wazi, mto wake ukiwa rundo la taulo.

Alipoamka jua lilikuwa limehama ukuta. Kaka yake alikuwa amekaa kiti cha pili, kichwa kinang'aa, anakunja nguo zilizobaki kwa kupapasa mishono.

"Umerudi saa ngapi?"

"Zamani. Ulikuwa unakoroma, nikaona nisikuvuruge." Akampa kisogo. "Hebu angalia. Yule bwana anaongea sana, nina wasiwasi naye. Amenikata vibaya?"

Shangazi alijinyanyua kwa kiwiko, akaangalia. Nyuma, juu ya shingo, palikuwa pamebaki mstari wa nywele uliopinda.

"Kidogo tu. Nyuma huku."

"Basi nyuma ni kwenu nyinyi mnaoona," alisema, akachukua soksi na kuanza kutafuta mwenzake. "Rudi kulala."

Naye akarudi kulala.